Ufunguo wa mwamba ukae kijijini

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, siku ya kufungua mwamba hungojewa kama sikukuu. Maji ya bamvua yakishatoka, wanawake huteremka na vyuma vyao vya kuchokolea pweza, vijana na miwani ya kuzamia, wachuuzi na mizani. Kwa miezi mitatu sehemu ile ya mwamba haikuguswa. Wanakijiji wenyewe ndio waliokaa kikao, wakachagua mahali, wakaweka alama na faini, wakapangiana zamu za ulinzi. Sasa wanavuna walichokingoja, na pweza wanaopandishwa mizani ni wakubwa kuliko wale wanaochokolewa kwenye miamba isiyopumzishwa.

Sababu iko katika maumbile ya pweza mwenyewe. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi, au mwaka na nusu, lakini hukua kwa kasi kubwa. Akiachwa wiki chache tu akiwa bado mdogo, uzito wake huongezeka maradufu. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai yake pangoni bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Anayemtoa kabla ya hapo amemtoa yeye pamoja na kizazi chake. Anayemwachia miezi michache hupata nyama zaidi, na mwamba hubaki na mbegu. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walilijaribu jambo hili mwaka 2004. Tangu hapo limeenea hadi Songosongo wilayani Kilwa, visiwa vya Mafia, na vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba.

Pweza ni kiumbe kimoja tu katika bahari yenye maelfu, lakini anatosha kuonyesha njia. Kwa nusu karne Tanzania imejaribu kuilinda bahari yake kwa matangazo ya serikali, kwa fedha za wafadhili na kwa boti za doria. Baadhi ya juhudi hizo zimefaulu, nyingi zimefifia. Ulinzi umedumu pale ambapo yule anayeumizwa na uharibifu ndiye mwenye kauli ya kufunga na kufungua. Kwa hiyo mamlaka juu ya maji ya karibu na ufuo yanapaswa kuwekwa kisheria mikononi mwa vijiji na shehia, pamoja na sehemu ya mapato yake, na serikali ielekeze nguvu zake kwenye yale ambayo kijiji hakiyawezi.

Pwani ya Tanzania Bara ina urefu wa kilomita 1,424 hivi, kuanzia mpaka wa Kenya huko Mkinga hadi mdomo wa Mto Ruvuma, mbali na visiwa vikubwa vya Unguja, Pemba na Mafia na vidogo visivyohesabika kwa urahisi. Upande wa bahari kuu, eneo la kiuchumi la nchi linafika maili 200 za baharini na lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 200,000. Lakini kitoweo cha watu hakitoki huko mbali. Zaidi ya asilimia 95 ya samaki wanaovuliwa nchini, baharini na maziwani, huvuliwa na wavuvi wadogo. Kwa upande wa bahari hao ni watu wa ngalawa, mitumbwi na mashua, wa madema na mishipi, na wengi wao hawavuki mbali na miamba. Wanaishi kwa ukanda mwembamba wa maji ambao mtu aliyesimama ufukweni anauona kwa macho.

Ukanda huo una sehemu tatu zinazotegemeana: mikoko, nyasi za bahari na matumbawe. Changu anayepigiwa mnada katika soko la Feri, Dar es Salaam, aliwahi kujificha kwenye nyasi za bahari alipokuwa mdogo, ndipo akahamia miambani alipokomaa. Kamba huzaliwa majini mbali na pwani, akaingia kwenye matope ya mikoko kukulia, kisha akarudi baharini. Tasi hula nyasi hizo hizo ambazo kasa na nguva huzitegemea. Mikoko nayo huuzuia udongo wa mito usiyafunike matumbawe, na matumbawe huvunja nguvu ya mawimbi yasing'oe nyasi wala mikoko. Mtu akifyeka mikoko ya kijiji kimoja, mvuvi wa madema wa kijiji cha pili hulipa gharama.

Watu wa pwani wanaijua miti hii kwa majina na kazi zake. Mkoko na mkandaa hutoa boriti, mlilana hutoa mataruma ya vyombo, mkomafi hutoa mbao na dawa, mchu hustahimili chumvi pale miti mingine inaposhindwa. Kwa karne nyingi boriti za Rufiji na Lamu zilipakiwa majahazini na kupelekwa Oman na Ghuba, zikaezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Misitu hiyo ilikuwa mali ya biashara muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuizungumzia kama ngao ya hali ya hewa. Leo thamani yake ya pili inaonekana wazi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zake za ufukweni zikiwa zinamegwa na mawimbi. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na ya kuudhibiti ufuo, na kupanda mikoko kulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia na mwambao wa kusini, na kuwakumbusha watu wa pwani kwamba vimbunga si habari za Madagaska na Msumbiji peke yao.

Serikali haikuanza jana kuona thamani hii. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, mikoko ya Bara ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1975 visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, vyote mbele ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Kwa takriban miaka ishirini iliyofuata tangazo hilo lilibaki kwenye karatasi. Hapakuwa na walinzi wala boti, na baruti iliendelea kulia kwenye miamba hiyo hiyo, karibu kabisa na mji mkuu wa biashara.

Pangani wana kumbukumbu chungu zaidi. Maziwi, kisiwa kidogo cha mchanga mbele ya mdomo wa mto, kilikuwa mojawapo ya mahali muhimu kabisa pa kasa kutagia mayai katika Afrika Mashariki. Miti yake ya mivinje ikakatwa, mizizi iliyoushika mchanga ikapotea, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikawa fungu linalofunikwa na maji yanapojaa. Hakuna kasa anayeweza kuacha mayai yake salama pale leo. Kisiwa kizima kilipotea ndani ya kumbukumbu za watu walio hai.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Mwaka 1995 ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Baadaye zikafuata ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kisha ile ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye nyavu za jarife za Tanga zilianza kumnasa mara kwa mara miaka ya 2000. Kitu kizuri katika hifadhi ya Mafia ni kwamba watu hawakuhamishwa. Vijiji vilibaki ndani, kinyume na hifadhi nyingi za wanyama za nchi kavu. Hata hivyo wavuvi wa Jibondo na wasimamizi wa hifadhi walivutana kwa miaka mingi kuhusu nyavu na maeneo yaliyofungwa, kwa sababu mistari ya ramani ilichorwa na watu wasiotegemea mwamba huo kwa chakula cha jioni. Uhusiano ulianza kuwa mwepesi pale mazungumzo yalipohama kutoka makatazo kwenda kwenye faida ambayo kijiji kinaiona, na kufungwa kwa miamba ya pweza ni mojawapo ya faida hizo.

Rufiji inatoa fundisho la upande mwingine. Delta ya mto huo ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko wote Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kujenga humo mabwawa ya kufugia kamba yenye ukubwa wa maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri maombi yakataliwe. Serikali ikayapitisha mwaka 1997. Waliosimama kuutetea msitu ni wavuvi na wakulima wa delta, ambao kwa mujibu wa tangazo la 1928 walikuwa wakiishi ndani ya msitu usio wao. Wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Mradi ukafa bila mabwawa kuchimbwa, na eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa likaorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Msitu ambao wataalamu duniani wanausifu leo uliokolewa na wananchi ambao sheria haikuwapa haki juu yake.

Hawa ndio watu ambao mara nyingi hutajwa kuwa tatizo. Ni kweli kwamba kaskazini mwa delta mikoko imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Lakini mkulima asiye na hati wala mkataba juu ya msitu hana sababu ya kuutunza kwa ajili ya wajukuu, kwa kuwa hajui kama mwaka ujao ataruhusiwa kuwa pale. Amri ya kumfukuza haikupanda mkoko hata mmoja. Makubaliano ya usimamizi wa pamoja, yenye mipaka ya kijiji, zamu za ukataji na gawio la mapato, yangempa sababu hiyo.

Tanga ilishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na ikaonyesha pia linavyovunjika. Kuanzia mwaka 1994, mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani uliofadhiliwa na Ireland na kusaidiwa na shirika la IUCN ulivikutanisha vijiji vinavyotumia mwamba mmoja. Vikapanga kwa pamoja miamba ya kufunga, zana za kukataza na namna ya kufanya doria. Samaki waliongezeka katika miamba iliyofungwa na milipuko ikapungua. Kisha msaada ukapungua, na mwaka 2007 mpango ukaisha. Doria zilihitaji mafuta ya boti, mafuta yalihitaji fedha, na fedha zilikuwa za mfadhili. Baruti ilirudi. Vijiji havikukosa nia wala maarifa. Vilikosa mfuko wao wenyewe.

Kasoro hiyo bado ipo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inavitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyofahamika pwani nzima kwa kifupi cha BMU, na Zanzibar ina kamati za wavuvi za shehia. Kwenye karatasi vina kazi nyingi: kutunza takwimu, kukagua zana, kusimamia usafi wa mwalo, kuripoti wahalifu. Katika vijiji vingi havina boti, havina chanzo cha uhakika cha mapato, na mwanakamati anayekamata wavu wa juya usiku hana hakika kama kesi itafika mahakamani au kama mwenye nyavu atarudi kesho yake akimcheka.

Wapo wanaosema kijiji hakiwezi kuaminiwa na bahari. Hoja yao inastahili kusikilizwa. Juya na kokoro, zinazokwangua nyasi za bahari na kuzoa samaki wachanga, huvutwa na wanakijiji wenyewe. Kamati zinaweza kutekwa na matajiri wachache wenye nyavu za mtando. Wavuvi wa dago, wanaofuata pepo za kaskazi na kusi kutoka Pemba hadi Mtwara, hawawajibiki kwa kikao cha kijiji wanakofikia. Yote hayo ni kweli. Lakini kila moja lina dawa iliyojaribiwa: mwanakamati anayekula njama na wavutaji wa juya huondolewa na mkutano mkuu wa kijiji, hesabu za kikundi husomwa hadharani, wavuvi wa dago husajiliwa wanapofika na kulipa ada inayobaki kijijini. Hakuna dawa kama hizo kwa ofisa mmoja wa uvuvi aliyepewa kusimamia makumi ya vijiji bila usafiri.

Serikali ina kazi yake, na imethibitisha inaiweza ikitaka. Uvuvi wa baruti uliingia pwani ya Tanzania miaka ya 1960 na kudumu kwa nusu karne. Chupa yenye mbolea na dizeli, tambi na kiwashio vilivyochepushwa kutoka migodini au kwenye ujenzi wa barabara, vilitosha kuua kila kiumbe katika mita kadhaa za mwamba, kuanzia chewa hadi vifaranga visivyoonekana, na kuyasaga matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Vifusi vinavyobaki huyumba na kila wimbi, kwa hiyo matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Mwaka 2015, watafiti waliozunguka pwani yote ya Bara na vinasa sauti vya chini ya maji kwa takriban mwezi mmoja walirekodi milipuko zaidi ya 300, mingi yake jirani na Dar es Salaam.

Mwaka huo huo kikosi kazi kilichounganisha polisi, usalama, misitu, uvuvi na waendesha mashtaka kilianza kufuatilia mlolongo mzima: nani anauza milipuko, nani anamiliki boti, nani ananunua samaki. Ndani ya miaka michache milipuko ilipungua mno. Hakuna kijiji ambacho kingeweza kuufuata mtandao wa baruti hadi ghala la mgodi. Lakini pia hakuna kikosi kazi ambacho kingejua mvuvi gani amebadilika tabia bila mtu wa mwaloni kumpasha habari. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaopaswa kuwa wa kudumu.

Kuna adui mwingine asiyekamatwa na polisi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya Mafia na sehemu nyingine za pwani yakapauka, na mengi yakafa. Joto likarudi 2016, kisha 2024, mwaka ambao wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa matumbawe duniani kote. Kijiji cha Jibondo hakiwezi kuipoza bahari. Kinachoweza kufanywa na kijiji ni kuacha pono na tasi wa kutosha mwambani, kwa sababu samaki hao hula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa na kusafisha mahali pa matumbawe mapya kuota. Mwamba uliovuliwa kupita kiasi hugeuka kuwa uwanja wa mwani baada ya joto. Mwamba wenye samaki una nafasi ya kupona. Kwa hiyo kufunga mwamba kwa ajili ya pweza ni pia kujiandaa na mwaka mwingine wa joto.

Joto hilo limewafikia pia wanawake wanaolima mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kikaenea haraka, na leo kinawahusu watu zaidi ya 20,000 Zanzibar, wengi mno wakiwa wanawake. Kwa wengi wao ndiyo fedha ya kwanza waliyoipata bila kupitia mkononi mwa mtu mwingine, na imelipa ada za shule na kujenga nyumba. Mwani ukawa miongoni mwa mauzo makubwa ya nje ya Zanzibar. Lakini aina yenye bei nzuri, inayoitwa cottonii, haistahimili maji ya moto ya ufuoni. Huoza na kukatika, na wakulima wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo zaidi.

Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyetumia maisha yake ya kazi kwenye mwani wa Zanzibar, alisaidia kuleta mbinu ya kupanda cottonii kwenye nyavu za mirija katika maji ya kina, ambako joto ni dogo. Mbinu inafaa. Tatizo ni kwamba inahitaji boti na kuogelea, na mashamba ya zamani yalimtaka mwanamke avuke tu kwa miguu maji yakitoka. Hapa serikali ya Zanzibar, iliyounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, ina nafasi ya kupimwa kwa jambo la wazi: ni wanawake wangapi wamepata boti zao wenyewe na mafunzo ya kuogelea, na ni kiasi gani cha mwani kinasindikwa visiwani badala ya kusafirishwa kikiwa kimekaushwa tu. Sera ya uchumi wa buluu isiyomfikia mkulima wa Jambiani itakuwa imewapita waliouanzisha uchumi huo.

Kuhusu mfuko wa kijiji, mfano mzuri uko ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi kutoka Tanga. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji waliunda mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, wanapima hewa ya ukaa iliyohifadhiwa mitini na matopeni, na kuuza hati zake nje. Mapato hupangiwa matumizi na wanakijiji, na yamelipia maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mwaka 2019 mradi kama huo, mkubwa zaidi, ulianza Vanga, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Mikoko ya Vanga na ya Mkinga ni msitu mmoja uliokatwa na mstari wa ramani. Upande mmoja wa mstari kijiji kina mkataba na akaunti. Upande wa pili mikoko imebaki msitu wa serikali kuu. Biashara ya hewa ya ukaa ina mitego yake, na vijiji vinahitaji wanasheria wa kusoma mikataba kabla ya kutia saini. Lakini kijiji kisicho na haki juu ya msitu hakina hata cha kukiweka mezani.

Bahari kuu ni suala jingine, na huko ni serikali tu inayoweza kufika. Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua bila kibali ndani ya eneo la kiuchumi la Tanzania, ikiwa na mamia ya tani za jodari. Watu wakawaita samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Kesi ilianza kwa kishindo ikaja kuanguka Mahakama ya Rufani kwa kasoro za utaratibu. Tangu hapo nchi imepata sheria mpya ya uvuvi wa bahari kuu ya mwaka 2020, na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Bandari hiyo itakuwa na maana kwa watu wa Kilwa ikiwa jodari watashushwa na kusindikwa pale, vijana wa pale wakaajiriwa melini na viwandani, na barafu yake ikamfikia mvuvi wa mashua. Ikiwa itazivuta meli kubwa karibu na miamba ambayo Songosongo wanaifunga kwa ajili ya pweza, itakuwa imeharibu zaidi ya ilichojenga. Pwani ina uzoefu huo: uvuvi wa kamba kwa meli za kukokota nyavu, kati ya Bagamoyo na Rufiji, ulivua hadi serikali ikalazimika kuusimamisha kuelekea mwaka 2008 kwa sababu kamba walikuwa wamepungua.

Songosongo inastahili kutajwa tena. Gesi asilia iligunduliwa kisiwani humo mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Taifa lilipotaka gesi hiyo, lilitunga mikataba, likapima mipaka, likaweka mita ya kuhesabu kila futi ya ujazo. Pweza, changu, kamba na boriti vya kisiwa hicho na vya visiwa jirani vinalisha watu kila siku, wala havitaisha kama gesi vikitunzwa. Vinastahili umakini huo huo wa kisheria.

Kinachohitajika si kikubwa kupita uwezo wa nchi. Kwanza, sheria za uvuvi za Bara na Zanzibar zirekebishwe ili kijiji au shehia iweze kumiliki kwa hati eneo la bahari lenye mipaka inayojulikana, pamoja na mamlaka ya kulifunga, kulifungua, kusajili vyombo vya wageni na kutoza faini. Pili, sehemu maalumu ya ushuru wa samaki na ada za leseni itajwe ndani ya sheria na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya BMU au kamati ya shehia, hesabu zake zikisomwa kwenye mkutano wa wote. Tatu, vijiji vya mikokoni vipewe mikataba ya usimamizi wa pamoja ya muda mrefu, Rufiji ikiwa ya kwanza. Nne, wanawake wawe na viti vya uhakika katika kamati hizo, kwa kuwa wao ndio wanaochokoa pweza, wanaookota kombe na kulima mwani, na wanaijua hali ya ufuo kuliko mtu yeyote. Tano, kikosi kazi cha kupambana na baruti kiwe na bajeti ya kudumu, kisingoje milipuko irudi ndipo kiitwe tena.

Wabunge wa majimbo ya Mkinga, Pangani, Bagamoyo, Kibiti, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, na Wawakilishi wa majimbo ya pwani ya Unguja na Pemba, wanaweza kulibeba jambo hili bila kujali vyama vyao, kwa sababu wapiga kura wao wanakula kutoka bahari moja. Wananchi wa majimbo hayo wawaulize, katika kila mkutano wa hadhara, mwamba wa kijiji chao una mwenyewe nani kisheria, na ushuru wa samaki wao umekwenda wapi.